"Hatujadukuliwa, wakili": dhana potofu kuhusu faragha na sheria za mtandao

Juzi nimeisikia tena, kutoka kwa mama mmoja mwenye kampuni ya kupeleka watalii hifadhini, ofisi yake iko Sakina, hapa Arusha. Hata hajaketi vizuri ameshanipa simu nisome. Mgeni wake analalamika kwamba picha ya pasipoti yake imefika kwa watu asiowajua. "Lakini wakili mwanangu, sisi hatujadukuliwa. Kompyuta zetu ziko salama. Kwa hiyo kosa si letu."

Imani hiyo imeenea Arusha nzima, kuanzia hosteli za wapanda mlima hadi ofisi za saccos, na ndiyo inayonichosha kuliko zote. Chanzo chake nakielewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo iliyotangulia kuvuma. Watu waliijua kupitia kesi za mambo yaliyoandikwa mitandaoni, na tangu hapo "sheria ya mtandao" ikabaki vichwani kama hadithi yenye mhalifu na polisi, mwenye ofisi akiwa shahidi tu. Ni kweli sheria ile inamwandama anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa. Aliyepewa taarifa za watu azitunze ana sheria yake nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hii haisubiri udukuliwe. Inataka kujua ulikusanya nini, kwa sababu gani, ukampa nani, na ukakitunza vipi.

Nikamwomba mama anifungulie grupu la WhatsApp la safari zake. Watu 41: madereva, wapishi, watu wa hoteli, wawili walioacha kazi zamani, na kijana mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka ni nani. Humo ndani zimo pasipoti za wageni tangu msimu wa mwaka juzi, pamoja na ujumbe kwamba bibi wa gari la pili ana kisukari na anatumia dawa fulani. Mdukuzi aje kutafuta nini hapo?

Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria ya 2022. Najua kazi za watalii hazifanyiki bila kupashana habari. Mpishi lazima ajue nani hatumii sukari, lakini pasipoti ya nini kwake? Dereva anahitaji jina na saa ya ndege kutua KIA, ugonjwa wa mtu haumhusu mpaka mwenyewe amwambie au iwepo sababu ya usalama. Kila mtu apewe kile kinachomwezesha kufanya kazi yake, basi. Nikilisema hili naambiwa nawaongezea watu kazi. Kutuma ujumbe tatu badala ya mmoja ni kazi?

Kibaya zaidi, mama alikuwa amepoteza siku tisa akimlipa fundi wa kompyuta amtafute "mdukuzi". Sheria inamtaka mkusanyaji, yaani aliyechukua taarifa za watu, aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo usalama wa taarifa unapovunjwa. Siku tisa za kupekua kompyuta isiyo na tatizo ni ngumu kuzieleza.

Ushauri wangu, ambao wateja wameshauchoka: mgeni akishapanda ndege ya kurudi kwao, futa nakala ya pasipoti yake siku hiyohiyo, isipokuwa kama ipo sheria nyingine inayokutaka uitunze. Kama ipo, itoe kwenye simu za watu uiweke mahali pamoja penye neno la siri. Na neno hilo lisiwe jina la kampuni na mwaka, tafadhali.

Mengine nayapitia haraka.

"Hiyo ni ya benki na makampuni ya simu." Hapana. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kusajiliwa na Tume, hata kama ana hosteli ya vitanda sita tu.

"Wageni wetu ni Wazungu, sheria yao iko kwao." Sheria yetu inamfunga anayekusanya, haiulizi rangi ya pasipoti. Tena ukiwatangazia na kuwauzia safari watu walioko Ulaya, GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, nayo inaweza kukufuata hapahapa Arusha.

"Polisi akiuliza, toa kila kitu." Wengine husema kinyume, kwamba bila hakimu hutoi chochote. Wote wanakosea. Kifungu cha 32 cha sheria ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana, kutoa amri ya kufichua data inayohitajika kwa upelelezi wa jinai. Ni mamlaka makubwa, na mimi binafsi ningependa yapitie mahakamani kwanza. Lakini mtu kukupigia simu, "mimi ni afande fulani, nirushie orodha ya wageni", hiyo si amri.

"Natumia VPN." VPN inaficha njia unayopita. Pasipoti uliyoituma kwa watu 41 haiwezi kuirudisha.

Mama aliniuliza kama akilifuta grupu mambo yataisha. Nikamwambia, mama, picha zimeshashuka kwenye simu za watu, kila mmoja na yake. Akaanza kuwapigia madereva, mmoja baada ya mwingine, awaulize yule kijana ni nani. Mpaka anaondoka ofisini kwangu alikuwa hajajulikana.