Dawa ya Kichina haifuti makovu ya mapafu

Pale Mwanjelwa, Mbeya, mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya alinionyesha kifuko cha mizizi iliyosagwa. “Kaka, hii ya Kichina inasafisha mapafu.” Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kumaliza sentensi. Iliniuma. Vumbi la mwamba likishaacha kovu, pafu hukakamaa. Si uchafu wa kuoshwa. Hata dawa za hospitali, pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, hupunguza tu kasi ya makovu kuongezeka. Wala tusiseme mitishamba haina madhara: sho-saiko-to, mchanganyiko wenye asili ya China, uliumiza mapafu ya watu Japani, serikali ikatoa tahadhari mwaka 1996. Nilimsihi akapige eksirei na kupima makohozi, maana vumbi hilo hukaribisha kifua kikuu, nacho hutibiwa bure.