Je, wajua kwa nini 60% na 55% zinaweza kukaa ndani ya 100%?

Asilimia 60 ya wanafunzi wanasoma fizikia, asilimia 55 wanasoma kemia. Ukijumlisha unapata 115. Hizo 15 za ziada zimetoka wapi, ilhali darasa zima ni 100 tu?

Zimetoka kwa waliohesabiwa mara mbili. Fizikia ilipotajwa, anayesoma masomo yote mawili alinyoosha mkono. Kemia ilipotajwa, akanyoosha tena. Kutoa kunafuta ule mkono wa pili. Basi swali likisema asilimia 10 hawasomi somo lolote kati ya hayo, wanaosoma angalau moja ni 90, na 115 kutoa 90 ni 25. Hao ndio wanaosoma yote mawili. Bila kuambiwa habari ya wale 10, wanaosoma yote wanaweza kuwa wachache kama 15 au wengi kama 55, na mitihani ya kuombea nafasi za shahada za uzamili kama GMAT na GRE hupenda sana kuuliza mipaka hiyo.

Hapo wengi hawana shida. Wanakoanguka ni kwenye neno dogo “ya”. Tazama hili: asilimia 60 ya wafanyakazi ni wanawake. Asilimia 25 ya wanawake wana shahada. Asilimia 45 ya wafanyakazi wote wana shahada. Ni asilimia ngapi ya wanaume wana shahada?

Mwenye haraka atatoa 25 kwenye 45, aandike 20. Lakini ile 25 ni ya wanawake, na ile 45 ni ya watu wote. Haziwezi kutolewa kabla hazijapimwa kwa kipimo kimoja. Dawa yake ni kuchukulia kwamba wafanyakazi ni 100, kisha kuchora jedwali: safu ya wanawake, safu ya wanaume, safu ya jumla, mstari wa wenye shahada, wa wasio nayo, na wa jumla. Miduara inayopishana, ile ambayo mwanahisabati John Venn wa Uingereza aliiandikia makala mwaka 1880, inapendeza kwa swali la fizikia na kemia. Kwa hili la wanawake na wanaume mimi nashika jedwali bila kusita, kwa sababu kila kundi, hata la wasio na shahada, linapata chumba chake.

Sasa jaza. Wanawake 60, wanaume 40. Robo ya 60 ni 15, hao ni wanawake wenye shahada. Wenye shahada wote ni 45, kwa hiyo wanaume wenye shahada ni 30. Usiandike 30 bado, ingawa karibu kila mara utaikuta kwenye machaguo ikikusubiri. Rudi kwenye swali: asilimia ya nani? Ya wanaume. Ni 30 kati ya 40, yaani asilimia 75.