Kwa Nini Machozi Hungoja Mpaka Mama Arudi?

Nilipokuwa na miaka sita hivi nilipotea katika soko la Kibuye, Kisumu. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo soko lile hufurika hata watu wakapitana ubavu kwa ubavu kati ya marundo ya mitumba na meza za omena. Nilikuwa nimeshika upindo wa leso nikijua ni ya mama. Nilipoinua macho nikaona uso nisioujua. Sikulia. Nakumbuka vizuri kwamba sikulia. Nilitembea mbiombio, macho makavu, nikikagua leso moja baada ya nyingine, nikawapita mafundi wa vitanda, nikarudi, nikawapita tena. Kisha nikamwona mama amesimama kando ya muuza viatu, mkono kichwani, na papo hapo nikaangua kilio ambacho kiliwageuza watu shingo. Mama akanikumbatia, akanifuta uso kwa leso, akaniuliza: "Sasa mbona unalia na umeshanipata?"

Sikuwa na jibu. Swali lenyewe lilinirudia nikiwa mtu mzima, mbele ya runinga.

Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Migosi, tukitazama filamu ya Kihindi ya mtindo ule wa zamani: mama anatenganishwa na mwanawe, mtoto analelewa na wengine, miaka inapita na nyimbo zinapita, hatimaye wanakutana. Katikati nikaiacha filamu, nikaanza kuwatazama watazamaji. Mtoto aliponyang'anywa, kimya. Mama alipougua, kimya. Shemeji alikuwa anauma kucha. Mama alipoanguka barabarani ikadhaniwa amekufa, dada alikunja uso tu. Mwishowe yule mwana, sasa kijana wa ndevu, akasikia mwanamke akiimba wimbo aliobembelezewa utotoni. Akasimama. Akageuka. Akasema neno moja: "Mama." Sebule nzima ikalowa. Dada alivuta leso mpaka machoni. Shemeji akainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na mlango ulikuwa umefungwa tangu saa mbili.

Kwa nini hapo? Mabaya yote yalikuwa yamekwisha. Kwa hesabu ya kawaida, huo ndio ulikuwa wakati wa kutabasamu.

Hesabu hiyo ya kawaida ndiyo niliyoishi nayo miaka mingi, na nadhani wengi wetu tunaishi nayo. Inasema hivi: machozi ni kipimo cha huzuni. Moyo ni ndoo, uchungu unamiminwa ndani yake, ndoo ikijaa inamwagika. Anayelia sana ameumia sana, asiyelia hajaumia. Ni maelezo mepesi, na lugha yenyewe inayaunga mkono, maana tunasema mtu amejaa majonzi. Lakini kama ni kweli, pale soko la Kibuye ningelia nilipougundua ule uso mgeni, na watu wa Migosi wangelia mama alipoanguka barabarani. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni na haikumwagika. Ilimwagika ilipoanza kupungua.

Nalikazania kosa hili kwa sababu madhara yake hayaishii sebuleni. Kwetu Magharibi matanga ni kazi. Kifungua mimba ndiye anayekwenda mochwari, anayepatana bei ya jeneza, anayetafuta hema na viti, anayehakikisha chakula kimetosha na ratiba imechapishwa. Nimemwona kijana wa namna hiyo akimzika baba yake bila chozi hata moja, na nimewasikia watu nyuma ya hema wakinong'ona kwamba hakumpenda mzee. Siku ya nne, lori lilipokuja kuchukua viti, boma likabaki tupu, na mjomba wake akammiminia kikombe cha chai akamwambia, "Kaa chini sasa, mwanangu." Alikaa. Kikombe kilimtetemeka mkononi mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, na akalia kwa muda mrefu sana. Waliomhukumu walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kipimo chao kilikuwa kibovu, nacho ni kilekile nilichokuwa natumia mimi.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa haraka. Macho yana machozi ya aina tatu. Kuna yale ya kila wakati yanayolainisha mboni, yale ya kujikinga na moshi au kitunguu, na yale ya hisia. Mengi ya machozi ya kulia hutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, na hushuka kupitia vitundu vidogo kwenye kona ya ndani hadi puani. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Wanyama wengi wana machozi ya aina mbili za kwanza. Machozi ya hisia ni ya binadamu, kadiri ijulikanavyo.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwili unaendeshwa na mitandao miwili ya neva ambayo haingoji amri yetu. Mmoja ni wa hekaheka: moyo unadunda, misuli inakaza, macho yanatafuta njia. Mwingine ni wa utulivu: moyo unapoa, tumbo linarudi kusaga chakula, mate yanarudi mdomoni. Tezi ya machozi inapata amri yake hasa kutoka kwenye huu mtandao wa utulivu. Wa hekaheka hauna kazi kubwa pale.

Chukua mfano wa maji. Bomba la nyumbani limekauka, nawe unabeba mtungi wa lita 20 kutoka kwenye kioski mpaka ghorofa ya tatu. Ngazi zote hizo vidole vimeshika kama chuma. Havitetemeki, havina nafasi ya kutetemeka, maana vikilegea maji yanamwagika. Unafika, unautua mtungi jikoni, unanyoosha mkono kuchukua kikombe, na hapo ndipo vidole vinaanza kutetemeka. Mtu akiingia wakati huo atadhani umechoka kwa kunyanyua kikombe. Kutetemeka ni kwa mtungi. Kumekuja tu baada ya kuutua.

Mwanasaikolojia Jay Efran na mwenzake Timothy Spangler walieleza kilio kwa namna inayofanana na hiyo mwaka 1979. Walisema kulia kuna hatua mbili. Kwanza mwili unakaza kwa wasiwasi, hofu au uchungu. Kisha linatokea jambo linalouambia kwamba sasa unaweza kulegea: mama ameonekana, daktari ametabasamu, aliyekosana na ndugu amefungua mlango. Machozi ni ya hatua ya pili. Bila hatua ya kwanza hayaji, na ndiyo maana ukimwonyesha mtu dakika ya mwisho tu ya filamu ile, mama na mwana wakikumbatiana, atakuangalia na kukuuliza hawa ni akina nani. Hajabeba mtungi wowote.

Vipimo vya maabara vinaelekea upande huohuo, ingawa havimalizi kesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watu wakitazama filamu ya kusikitisha, ukaona mapigo ya moyo yanapanda kuelekea machozi na kushuka baada ya machozi kuanza. Mwingine wa mwaka 2003 uliona ule mtandao wa utulivu ukipata nguvu kilio kinapokwisha, lakini kwa watu wasio na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Kwa wenye sonona hali hiyo haikuonekana. Hayo yanatuonyesha mfuatano wa mambo. Hayathibitishi kwamba kulegea ndiko kunakoyaita machozi, maana mambo mawili yanaweza kufuatana na yote yakawa yanavutwa na la tatu.

Tena kuna filamu moja inayolipinga wazo hili kwa nguvu. Mwaka 1995 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha kazi ya kutafuta vipande vya filamu vinavyoamsha hisia moja moja. Walipitia filamu zaidi ya 250 na kuvijaribu vipande kwa watu karibu 500. Kwa huzuni, kimojawapo cha vilivyofanya kazi vizuri kabisa kilitoka kwenye The Champ ya mwaka 1979: bondia anafariki baada ya pambano, na mwanawe mdogo anamsihi aamke. Kipande hakifiki dakika tatu, na maabara nyingi zimekitumia tangu hapo. Hakuna anayerudi pale. Hakuna habari njema. Watu wanalia.

Nimekifikiria sana kipande hicho. Mtoto anamsukuma baba yake, anawaomba watu wazima chumbani wafanye kitu, na mtazamaji anavuta pamoja naye. Kisha inafika hatua ambapo hakuna la kufanya tena. Kukata tamaa nako ni kuutua mtungi, ingawa umeutua njiani na maji yamemwagika. Ndivyo ninavyolisoma mimi, na linakaa vizuri na maelezo ya Ad Vingerhoets wa Uholanzi, aliyechunguza kilio kwa miaka mingi na anayesisitiza kwamba machozi mara nyingi huja mtu anapojiona hana uwezo. Lakini nakubali kwamba maelezo yakinyooshwa mpaka yafunike kila kitu yanapungua nguvu. Huenda kulia kuna milango zaidi ya mmoja.

Mlango mwingine una jina litakalomvutia msomaji wa Kiswahili. Kundi la watafiti linaloongozwa na Alan Fiske wa Marekani huita hisia ya kuguswa ghafla "kama muta", maneno yaliyochukuliwa kutoka Sanskrit, maana yake kusukumwa na upendo. Kwao, linalotutoa machozi ni upendo kuwaka mara moja pale palipokuwa na pengo: kupatana, kupokewa, kutambuliwa. Maelezo haya na yale ya Efran hayagombani. Moja linaeleza mwili unafanya nini, jingine linaeleza ni habari gani inayouambia mwili ulegee.

Kwa nini basi filamu inaliweza hili kuliko maisha ya kila siku? Nadhani kwa sababu imetunyang'anya mikono. Barabarani ukimwona mama ameanguka utakimbia kumwinua, utasimamisha boda, utapiga simu. Hekaheka inapata kazi. Kwenye kiti umekaa. Mwili umekaza na hauna pa kwenda, saa mbili nzima, na mtengenezaji anajua ni dakika ipi atakuruhusu kulegea. Ukiona vyaelea, vimeundwa: uso unasogezwa karibu, muziki unashuka, na kabla ya lile neno moja panawekwa kimya.

Kimya hicho kina thamani kubwa kuliko nilivyodhani. Utotoni nilizoea vibanda vya video ambamo DJ anatafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti, akiongeza vichekesho, akimpa mwigizaji jina la mtaa wetu. Nimeona filamu nzito sana mle ndani, watoto wakiachwa yatima, mashujaa wakifia mikononi mwa marafiki, na sikumbuki mtu kulia. DJ mzuri haachi sekunde tupu. Kila mzigo ulipofika juu kabisa, alishaupokea kwa kichekesho, tukacheka. Kicheko nacho ni namna ya kulegea.

Limebaki lile la kuona nafuu. Wengi husema machozi huosha sumu ya huzuni. William Frey wa Marekani alilipa wazo hilo umaarufu miaka ya 1980: aliwaonyesha watu filamu za kuliza, akayakinga machozi yao, akayalinganisha na ya kitunguu, akakuta ya hisia yana protini zaidi. Ni jaribio la kupendeza. Lakini matone ni machache mno kuweza kubeba taka nyingi nje ya mwili, na wanawake 150 walioonyeshwa filamu ya huzuni katika utafiti wa mwaka 1994 walitoa picha tofauti: waliolia walijisikia vibaya kuliko wasiolia. Jibu lililonishangaza zaidi lilikuja mwaka 2015, Asmir Gračanin, Vingerhoets na wenzao walipowaonyesha watu 60 filamu mbili za kuliza na hawakuishia kuwauliza pale pale. Mara tu baada ya filamu, waliolia hali yao ya moyo ilikuwa imeshuka. Dakika 20 baadaye walikuwa wamerudi walipoanzia. Dakika 90 baadaye walikuwa na hali nzuri kuliko kabla ya kuketi. Watu 60 si wengi, na walikuwa maabara, si nyumbani kwao na watu wao. Hata hivyo, kama ukilia kwenye filamu saa tatu usiku, nafuu yako huenda ikakukuta tayari kitandani.

Mwezi uliopita nilimweleza mama haya yote, jikoni kwake, akichambua osuga. Nilimwambia nina jibu la lile swali lake la Kibuye. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye mtungi na vidole, akaacha kuchambua.

"Mimi siku ile sikulia sokoni," akasema. "Nilinunua hata vitunguu tulivyokuwa tumefuata. Nilikupikia, nikakuogesha, nikakulaza. Ulipokoroma ndipo nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi."

Akarudi kwenye mboga zake.