Kabla Hujaita Injini Kopo, Pima Oili

Jumamosi asubuhi mzee mmoja alishuka kwenye bajaji hapa karakana kwangu Pasua, Moshi, pampu yake ya maji ya inchi tatu imeviringishwa kwenye kiroba cha mbolea. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla hajakaa akaanza: "Fundi, hizi injini za siku hizi ni makopo. Pampu ya marehemu kaka yangu ilivuta maji mpaka watoto wake wakaoa. Hii misimu miwili tu, imekufa."

Maneno hayo nayasikia kila wiki, na tangu masika yakatike nimeyasikia mpaka nimechoka. Kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi, atakayekuja tena nimpe asome wakati namfungulia mashine.

Nililegeza bolti ya kumwagia oili. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha kahawa, na kilikuwa kizito, cheusi kama lami. Injini ya ukubwa ule inataka kama mililita 600. Nikaigeuza upande wa pili: kwenye bloku kuna tundu la kupitisha vidole viwili. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili unaozunguka, ilikatika ikatoboa njia ya kutokea.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Hizi injini ndogo hazina pampu ya oili kama gari. Chini ya konrodi kuna ulimi mdogo, sisi tunauita kijiko. Kila krenki inapozunguka, kijiko kinapiga oili iliyolala chini na kuirusha juu, ikapate krenki, kamshafti, pistoni, mpaka valvu. Kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, kijiko kinapiga mara 60 kila sekunde. Huo ndio mfumo mzima wa kulainisha, hakuna kingine. Oili ikishuka kina cha kidole, kijiko kinaanza kupiga hewa. Injini haitoi moshi wala hailalamiki, inaendelea kunguruma vizuri na maji yanatoka, mpaka ile aluminiamu ya konrodi, ambayo kwenye injini hizi inakaa moja kwa moja juu ya chuma cha krenki bila beringi katikati, inapopata moto na kukamata. Hapo ni sekunde chache tu.

Na si lazima oili iwe imepungua. Mzee anamwagilia nyanya kando ya Mto Rau, kuelekea Mabogini. Pampu anaiweka kwenye mteremko wa ukingo ili mpira wa kuvutia ufike majini. Oili ni kimiminika, inakimbilia upande wa chini, kijiko kinabaki pakavu. Kitabu cha injini za Honda GX kinasema usizidishe nyuzi 20 za kuinama, na nyuzi 20 ni kidogo kuliko unavyodhani ukiwa umesimama ukingoni na maji yako kule chini. Chimba kidogo, weka mawe chini ya miguu miwili, pampu ikae sawa. Mpira mrefu kidogo ni rahisi kuliko krenki.

Na kupima kwenyewe watu hawajui, naomba nisisitize. Pampu iwe mahali tambarare. Toa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe bila kukizungusha, kisha toa usome. Ukikizungusha mpaka kifunge kinazama zaidi, kinarudi na oili, nawe unaridhika wakati imepungua. Ikiwa imejaa sawasawa, oili inafika kwenye mdomo wa tundu lenyewe la kujazia, unaiona kwa macho. Nimewaona vijana wenye miaka mitano kwenye kazi hii wanapima kwa kufunga kijiti.

Kilichoniuma zaidi kwenye pampu ya mzee ni waya. Pembeni ya bloku unatoka waya mwembamba wa sensa ya oili. Oili ikishuka, sensa inaua moto wa plagi ili injini izime kabla haijajiua. Waya wa mzee ulikuwa umekatwa na ncha imefungwa solotepu. Nikamuuliza. Akasema mwaka jana ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, akaipeleka kwa fundi, ikapona siku hiyo hiyo. Haikupona. Mashine ilikuwa inasema ina kiu, na mwenzangu akaiziba mdomo. Mafundi, jamani, tuache kabisa hii. Sensa mbovu ipo, nakubali, lakini kwanza jaza oili, halafu ndipo uishuku sensa.

Turudi kwa pampu ya marehemu. Nilimwuliza ilikuwa ipi, akaieleza, nikaijua: Robin EY20, injini ya Kijapani ya zamani, ile ya valvu za ubavuni, zinazokaa kando ya silinda badala ya juu yake. Injini nzuri, mimi mwenyewe nimejifunzia kazi juu yake. Ilikuwa na mgandamizo mdogo, haina papara, hedi unaifungua kwa spana moja ukakwangua masizi na kufunga. Lakini ilikunywa petroli kuliko hizi za valvu za juu, na nguvu ilitoa kidogo kwa ujazo ule ule. Halafu nani alikuwa anaiendesha? Enzi hizo pampu ilikuwa ya shamba kubwa, ya misheni, au ya mtu mmoja kijijini aliyeithamini kama ng'ombe wa maziwa. Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa shamba la kahawa Kibosho. Kabla ya kuvuta kamba alipima oili kila siku, na alikuwa na daftari. Robin zisizopimwa oili zilikufa vile vile, ila hizo ziliuzwa kwa kilo kwa wanunua chuma chakavu, na leo hakuna anayezikumbuka. Unaiona ile moja iliyobaki, unasema zote zilikuwa hivyo.

Na aluminiamu si ujanja wa Wachina. Briggs & Stratton wa Marekani walianza kutoa injini za bloku ya aluminiamu mwaka 1953. Ubishi wa kweli uko ndani ya silinda: je, kuna silivu, yaani bomba la ndani, ya chuma, au pistoni inasugua aluminiamu moja kwa moja? Kampuni hiyo hiyo imeuza za aina zote mbili kwa bei tofauti, moja ya mwenye kukata majani ya nyumbani na nyingine ya mtu wa kazi. Ubora umegawanyika. Juu kuna injini nzuri kuliko zote alizowahi kushika mwalimu wangu, chini kuna takataka, na zote zimepakwa rangi nyekundu na kupangwa rafu moja.

Honda walileta GX mwaka 1983, na karibu kila injini ya Kichina unayoiona Moshi leo imetoka kwenye mchoro ule. Soma namba zake: 168F maana yake silinda moja, kipenyo milimita 68, inapozwa kwa hewa. 170F ni milimita 70, 188F ni 88. Hiyo namba iamini kuliko stika ya nguvu za farasi. Stika inadanganya kila mahali; Marekani watengenezaji na wauzaji wa mashine za kukatia majani walishtakiwa kwa kutia chumvi kwenye nguvu za farasi, na kesi ikaisha kwa malipo mwaka 2010. Kuna kijana alinirudishia GX160 akidai ni feki kwa sababu imeandikwa 4.8 na ya zamani iliandikwa 5.5. Ujazo ni ule ule, sentimita za ujazo 163. Kilichobadilika ni namna ya kupima na kuandika.

Arusha wana lalamiko lao: "haina nguvu, haivuti." Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Injini inapoteza kama asilimia 3.5 kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ukiwa Arusha karibu sehemu moja ya sita imeshaondoka hata iwe orijino vipi. Maji nayo yanasukumwa na uzito wa hewa ili yapande mpirani. Pwani hesabu ya kuvuta maji juu inafika mita 10 na kitu, Arusha haifiki 9, na kwa pampu halisi mimi sitakuahidi zaidi ya 6. Boksi limeandikwa 8. Sogeza pampu karibu na maji.

Vumbi la Kisongo linakula ringi za pistoni, safisha kichujio cha hewa, basi. Mashine za kuchanganya oili na petroli: kama kitabu kinasema moja kwa hamsini, ni mililita 100 kwa lita tano, na upime kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Yaliyoharibika kweli nayakubali. Vijenereta vya bei ya chini vina koili za aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua kidogo kwa wembe utaona weupe. Mipira ya petroli inakakamaa mapema. Kabureta nyingi hazina tena skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, kwa sababu ya sheria za moshi za nchi zilizoendelea, na hilo kwa mtu wa mwinukoni kama sisi ni hasara. Na majina yanapotea: Tecumseh waliacha injini 2008, Subaru waliokuwa na Robin wakaacha 2017, Briggs wakafilisika 2020 na kupata mwenye mali mwingine. Ukiona Robin mpya dukani leo, jiulize imetoka wapi.

Kuna jambo linanisumbua. Nimewahi kufungua pampu mbili za jina moja, zilizonunuliwa siku moja na ndugu wawili wa Kahe. Moja ilikuwa safi baada ya misimu minne, nyingine krenki imekwanguka kama imepigwa tupa, na oili ya zote mbili ilikuwa imejaa. Kwa hiyo kuna kasoro za kiwandani ambazo mnunuzi mwangalifu hazimkingi. Ninachofanya ni kumwaga oili ya kwanza baada ya saa tano tu, ingawa kitabu kinaruhusu ishirini, na kuipitisha kwenye kitambaa cheupe juani. Vumbi laini la fedha silijali. Nikiona vipande vinavyoshikika kwa kucha, namwambia mwenye mashine airudishe dukani siku hiyo hiyo, risiti mkononi.

Hata spea zimenichanganya. Mwaka juzi nilifunga konrodi ya bei rahisi, ikarudi baada ya wiki mbili imevunjika, oili imejaa. Nilimlipa mwenye mali, na tangu hapo konrodi napima uzito mkononi dhidi ya ile ya zamani kabla ya kufunga. Si kipimo cha kitabuni, lakini kimenikataza kufunga konrodi mbili.

Bloku ya mzee haitengenezeki. Nikamtolea kwenye trei kipande cha konrodi, kijiko chake bado kiko, kimegeuka bluu kwa moto. Akakishika muda mrefu, akauliza ni hiki tu ndicho kinachorusha oili. Nikamwambia ni hicho tu. Akakifunga kwenye leso, akasema anampelekea mjukuu wake, ndiye anayewasha pampu alfajiri.