Tovuti ya Biashara Ndogo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwenye saluni, karakana au duka la mtaani akitamka tu kwamba anafikiria kufungua tovuti, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia siku hizi tovuti hazina kazi tena. Mwingine atamwambia asipokuwa na tovuti ya kisasa biashara itakufa. Wa tatu atamwahidi nafasi ya kwanza kwenye Google kwa malipo ya kila mwezi. Wote watatu wanaweza kumpotezea fedha, na mtaji wake si wa kuchezea. Kwa hiyo tuzichambue dhana hizi, moja baada ya nyingine.

“Nina ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp, tovuti ya nini?”

Hoja hii ina uzito. Wateja wako huko, kuweka picha ni bure, na mtu akiuliza swali anajibiwa papo hapo. Simshauri mtu yeyote aachane na mitandao ya kijamii. Ila huko wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba hakuulizi akitaka kubadilisha kitu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa anategemea hizo tu kupokea oda alikaa kusubiri. Hizo ni saa chache. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa moja kwa moja kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, na yaliyokuwemo yakafutwa.

Hata tovuti za bure zina kasoro hiyo hiyo ikiwa anwani si yako. Google walikuwa wakiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti rahisi kupitia Google Business Profile, huduma yao ya kuorodhesha biashara kwenye utafutaji na ramani. Machi 2024 wakazizima zote. Kwa miezi michache anwani zile zilimwelekeza mgeni kwenye wasifu wa biashara husika, kisha nazo zikakoma. Fikiria aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye kadi na kwenye bango la dukani.

Tovuti yenye jina ulilolisajili mwenyewe unaweza kuihamisha kutoka kampuni moja inayohifadhi tovuti hadi nyingine, na mteja asigundue chochote, kwa sababu anwani inabaki ile ile. Tena inasomwa na yeyote, awe na akaunti au hana, na bei uliyoiandika haizami chini ya posti nyingine mpya.

“Tovuti ikishakuwa hewani, wateja watakuja wenyewe”

Hawaji. Google wenyewe wanasema hawatoi hakikisho kwamba ukurasa wowote utaingizwa kwenye orodha yao, hata ukifuata masharti yote, na kwamba mabadiliko unayoyafanya yanaweza kuchukua saa chache au miezi kadhaa kabla hayajaonekana kwenye matokeo.

Kwa biashara inayohudumia watu wa eneo moja, kazi ya kwanza haifanyiki hata kwenye tovuti. Ni kujisajili kwenye Google Business Profile, huduma ambayo hadi 2021 iliitwa Google My Business. Haina malipo. Hapo ndipo unapoonekana kwenye ramani, pamoja na saa zako za kazi, simu na kiungo cha kwenda kwenye tovuti. Google wametaja mambo makuu matatu yanayopanga matokeo ya aina hii: jinsi biashara yako inavyolingana na kinachotafutwa, umbali kati yako na mtafutaji, na jinsi unavyojulikana. Umbali huna la kuufanya. Anayekuahidi kwamba utawapita washindani wako hata kwa mteja aliyesimama mlangoni kwao, mkimbie. Haya mengine mawili yako mikononi mwako: chagua aina sahihi ya biashara, andika huduma zako kwa majina ambayo wateja wanayatumia, na waombe wateja walioridhika waandike maoni yao. Usiyanunue maoni. Ni kinyume cha kanuni za Google, na Marekani tangu Oktoba 2024 ipo kanuni ya serikali inayoruhusu kutoza faini kwa maoni ya uongo.

Jambo moja ambalo watu hulidharau: jina, anwani na namba ya simu viandikwe sawasawa kila mahali. Namba ya zamani iliyosahaulika kwenye ukurasa mmoja inakupotezea simu ambazo hutajua kamwe kwamba zilipigwa.

Halafu itangaze hiyo anwani. Iwe kwenye risiti, mlangoni, kwenye mifuko na kwenye wasifu wako wa WhatsApp.

“Ukilipa, unakuwa wa kwanza”

Ukilipa unapata tangazo, na tangazo huwekewa alama inayoonyesha kwamba limelipiwa. Siku unayoacha kulipa, linatoweka. Matokeo ya kawaida hayauzwi, na Google wanaeleza waziwazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Vivyo hivyo kwa wale wanaotoza fedha ili “wakuwekee maneno muhimu” yaliyofichwa ndani ya ukurasa: Septemba 2009 Google walitangaza kwamba hawatumii orodha hiyo kupanga matokeo, na bado kuna watu wanaiuza. Kurudia neno moja mara ishirini kwenye aya kunaweza kukushusha.

“Tovuti nzuri ni ile inayopendeza”

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, na hapa ndipo ningependa mwenye biashara akae kidogo kwenye kiti cha mteja wake.

Ni jioni. Jokofu limekufa ghafla, chakula kimo ndani. Mama wa nyumba ameshika simu kwa mkono mmoja, mwingine una kitambaa cha kufutia maji yanayotiririka sakafuni. Anatafuta fundi wa karibu na kufungua tovuti ya kwanza. Inatokea picha kubwa, inajaa polepole kutoka juu kwenda chini. Juu yake pameandikwa: “Karibu. Sisi ni viongozi katika ubora na ubunifu.” Anashuka. Historia ya kampuni. Anashuka tena. Dira na dhamira. Namba ya simu anaikuta mwisho kabisa, nayo ni sehemu ya picha, akiigusa hakuna kinachotokea. Hajui kama fundi anafika mtaani kwake, hajui kama muda huu anafanya kazi. Anarudi nyuma na kufungua tovuti inayofuata.

Huyo fundi wa kwanza pengine ni hodari kuliko wa pili. Mteja hakupewa nafasi ya kulijua hilo, na mimi hilo linaniuma.

Ukurasa ambao ungemsaidia ni wa kawaida kabisa: unachofanya, unakofika, saa za kazi, bei au unapoanzia, na namba iliyoandikwa kama maandishi ili ikiguswa simu ipige. Hayo yakae juu, kabla hajaanza kushuka. Picha zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa, maana picha kama ilivyotoka kwenye kamera inaweza kuwa na megabaiti kadhaa. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kubwa inayoonekana ya ukurasa iwe imeshajitokeza ndani ya sekunde 2.5. Na ipime kwenye simu, usiipime kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza: Google walikamilisha mwaka 2023 kuhamia mfumo wa kusoma tovuti jinsi zinavyoonekana kwenye simu. Kisichokuwemo kwenye tovuti ikifunguliwa kwa simu, kwa Google ni kama hakipo.

Kuhusu bei, najua wengi wanaogopa kwamba washindani wataiona. Washindani wako wanaijua tayari. Asiyeijua ni mteja, na akikosa hata kadirio anadhani ni ghali. Kama bei inabadilika kulingana na kazi, sema inabadilishwa na nini.

“Wageni wakiwa wengi, tovuti inafanya kazi”

Hesabu simu zilizopigwa, oda, na watu waliofika. Elfu moja waliopita kutoka nchi nyingine hawawezi kuja kunyolewa kwako. Muulize kila mteja mpya alikupata vipi, uandike daftarini.

“Fundi wa tovuti ndiye anayejua hayo, mimi sina haja”

Kumwachia fundi kazi ni sawa. Kumwachia umiliki ni hatari, na ndilo kosa ambalo ni gumu kuliko yote kulirekebisha. Jina la tovuti halinunuliwi mara moja likaisha. Linakodiwa kwa miaka, na kwa majina yanayoishia na .com mwisho ni miaka 10 kwa mkupuo. Lisipolipiwa, msajili, yaani kampuni uliyolisajilia, akishalifuta kuna siku 30 za kulikomboa, mara nyingi kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri, halafu yeyote duniani anaweza kulichukua. Likiwa limesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi ambaye mlishakosana au amehama, taarifa za onyo zinaenda kwake.

Angalia pia unalipia nini. Cheti cha usalama, kile kinachozuia kivinjari cha Chrome kuandika kwamba tovuti yako si salama kama kinavyofanya tangu Julai 2018, kinatolewa bure na shirika la Let's Encrypt, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zinakiweka bila kutoza. Ukikuta kimeandikwa kwenye ankara kwa bei kubwa, uliza sababu.

Na kama tovuti unayo tayari, mpigie fundi wako umuulize haya: jina limesajiliwa kwa jina la nani, linaisha tarehe ngapi, barua pepe ipi inapokea taarifa za malipo, na nenosiri la akaunti ya msajili liko wapi. Akusaidie kuihamishia akaunti hiyo kwenye barua pepe yako, ubadilishe nenosiri, kisha umpe ruhusa ya kuingia kwenye tovuti kwa akaunti yake mwenyewe.