Theluji imekatika, lakini dhoruba bado ipo

Watu wengi hudhani dhoruba ya theluji ni theluji inayomwagika kutoka mawinguni, kwa hiyo ikikatika tu safari iendelee. Sivyo, na kosa hili huua.

Kinachoifanya dhoruba hasa ni upepo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani haipimi theluji iliyoanguka ndipo itoe jina hilo. Huangalia upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na macho yasiyoweza kuona hata mita 400, kwa saa 3 mfululizo. Theluji iliyolala chini tangu juzi, ikipeperushwa na upepo, inatosha kabisa.

Chukua barabara ya E69 katika kisiwa cha Magerøya, kaskazini mwa Norwei. Hakuna miti ya kukinga upepo wa baharini. Kwanza unaona nyuzi nyeupe zikitambaa juu ya lami. Muda si mrefu zimefika kwenye kioo, na ukiwasha taa kali mwanga unakurudia machoni. Huko juu huenda nyota zinaonekana! Ndiyo maana wakati wa baridi kilomita 13 za mwisho kwenda rasi ya Nordkapp hupitwa kwa msafara, nyuma ya gari la kusukuma theluji.

Ukikwama, tafadhali usiliache gari ukatafute msaada kwa miguu. Hatua chache tu, hulioni tena. Shuka kwa jambo moja: kuondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Likiziba, gesi ya sumu isiyo na harufu huingia mlimokaa.