Konokono wa kwenye tangi la samaki: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Konokono ni wafagizi, wakishaingia, tangi halihitaji kusafishwa.” Ni kweli hula mwani wa kwenye kioo, majani yaliyooza na chakula kilichowaponyoka samaki. Ila walichokula hakipotei: hutoka kama kinyesi, na miili yao hutoa amonia kama ya samaki. Kioo kinaweza kung'aa huku maji yakigeuka sumu. Kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara kuko palepale.

“Wakizidi, tia dawa.” Hapa ndipo matangi mengi huangamia. Geuza jani na utaona ute mwangavu wenye vitone ndani: hayo ni mayai ya Physella acuta, konokono mdogo ambaye ni huntha na anaweza kujirutubisha mwenyewe. Mmoja tu aliyejibanza kwenye mmea wa dukani anatosha kuanzisha ukoo. Melanoides tuberculata, mwenye gamba refu lililochongoka, huzaa watoto hai bila dume, kisha mchana hujifukia mchangani. Ukitaka kujua walivyo wengi, mulika tochi usiku.

Lakini idadi yao huamuliwa na mkono unaolisha. Chakula kikibaki sakafuni kila siku, watajaa. Ukipunguza, watapungua wenyewe. Dawa nyingi za kuua konokono zina shaba, ambayo huua na kamba pia. Isitoshe, mizoga mingi ikioza kwa mpigo hupandisha amonia ghafla, na samaki ndio hulipia. Mimi naona kipande cha tango kinashinda dawa zote: kidumbukize jioni, asubuhi kitoe pamoja na waliokiganda. Na kabla ya kuwatibu samaki, soma kwenye kibandiko kama dawa ina shaba.

Wala si wote huzaana hovyo. Konokono aitwaye neriti hubandika vitone vyeupe vigumu kwenye mawe na magogo (vinachosha kukwangua), lakini watoto wake huhitaji maji yenye chumvi ili wakue, hivyo kwenye maji yasiyo na chumvi ukoo hauendelei. Pomacea diffusa ana dume na jike, na jike hutaga kishada cha mayai juu ya usawa wa maji, mahali rahisi kukibandua.

“Wanamaliza mimea.” Wengi wa wadogo hula jani linalokufa, basi wakikutwa kwenye tundu la jani hulaumiwa wao. Mlafi wa kweli ni Pomacea canaliculata, aliyetolewa Amerika Kusini kupelekwa Asia akageuka balaa la mashamba ya mpunga. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jamii nzima ya Pomacea. Kwa hiyo konokono wa ziada hatupwi mtoni wala mtaroni.

Anayeelea si lazima awe amekufa. Pomacea wana pafu na huelea na hewa yao. Mguse kifuniko cha mdomo wa gamba: akijivuta ndani, mrudishe. Akinuka, mtoe upesi. Gamba linalomeguka nalo husingiziwa uzee, kumbe mara nyingi pH (kipimo cha asidi ya maji) imeshuka chini ya 7 au maji hayana kalsiamu ya kutosha. Kipande cha mfupa wa ngisi husaidia.

“Konokono wote huleta kichocho.” Hapana. Barani Afrika wanaohusika ni wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus, na hata hao hawazaliwi na vimelea. Huvipata pale mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa kinapoingia majini. Aliyezaliwa kwenye tangi lisilofikwa na uchafu huo hana pa kuvitoa. Aliyeokotwa ziwani au kwenye bwawa ni habari nyingine: anaweza kumwaga vimelea majini kwa majuma kadhaa, navyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Biomphalaria, na gamba lake bapa lililojiviringa, hufanana mno na konokono wa mapambo, kwa hiyo usitegemee macho. Mimea ya kung'oa mtoni nayo iache hukohuko, maana konokono wachanga hujificha mizizini.